Dereva wa lori amepotea tena: shida za maelekezo ya njia Nairobi, chanzo chake na vile unazirekebisha

Hii nimeandikia watu wa ofisi wanaotuma malori, wateja wenye godauni, na madereva wenyewe. Kila siku kuna lori mahali hapa Nairobi limesimama kando ya barabara, dereva ako kwa simu na mtu ambaye anaiona godauni yake vizuri kwa akili lakini hawezi kuieleza. Gari ndogo ikikosea kona inageuzia kwa geti ya mtu na maisha yanaendelea. Trela ni kitu kingine, kontena ya futi 40 peke yake ni mita 12 na kitu, hujahesabu kichwa, na ikikosea lazima iendelee mbele mpaka ipate pahali pana, na hapo panaweza kuwa kilomita kadhaa mbele na jamu iko katikati.

Kwa hivyo maelekezo ya lori yana kazi mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua, kusema pa kupita. Ya pili ndiyo huachwa: kumwambia dereva atajuaje amekosea, na ajue mapema kabla hajaingia mahali hawezi kutoka. Shida nyingi hapa chini zinatokana na hiyo ya pili kukosekana.

Nimepanga kufuata vile shida inaonekana ukiwa kwa simu. Chanzo kinachotokea sana kinatangulia, anza nacho, ukiona sicho shuka kwa kinachofuata.

DEREVA ANAPIGA SIMU KILA SAA: "NIKO HAPA, SASA NAINGIA WAPI?"

Chanzo cha kwanza, na hiki kinashinda vingine kwa mbali: maelekezo yameanzia pahali pasipofaa. Mteja anaeleza vile yeye huenda akitoka tao, na dereva anatokea Mlolongo. Kushoto ya mteja ni kulia ya dereva. Kabla uangalie kitu kingine chochote, muulize aliyeandika, "hii umeandika ukitokea wapi?" halafu muulize dereva, "wewe unatokea wapi?" Majibu yakitofautiana, usijaribu kugeuza kushoto na kulia kwa kichwa ukiwa kwa simu. Andika upya kuanzia pale dereva ako.

Chanzo cha pili ni alama zilizokufa. Nairobi tunataja vitu ambavyo havipo na sisi wenyewe tunaelewana. Taj Mall ilibomolewa 2018 na mpaka leo steji inaitwa Taj. GM (General Motors) ya Mombasa Road imekuwa Isuzu tangu 2017 lakini makanga bado anaita GM. Nakumatt ilifungwa, jina likabaki kwa midomo ya watu. Dereva aliyetoka Mombasa, Busia, au Kampala hana hiyo historia, anatafuta mall na haoni mall. Rekebisha hivi: jina la mazoea liweke, juu akiulizia watu wa boda ndilo watajua, lakini pamoja nalo weka kitu kinachoonekana leo hapo, kama vile daraja la miguu, flaiova, petroli stesheni, au bodi ya barabara.

Chanzo cha tatu, alama ni ndogo ama inahama. Geti ya bluu haionekani ukiwa unaenda kilomita 50 kwa saa na umeketi juu kwa kebini, na kibanda cha chapati huhamishwa na kanjo (askari wa kaunti) wakati wowote. Matatu zilizopaki pia si alama. Geti ya bluu ni ya mita mia za mwisho, si ya kukuonyesha kona.

Chanzo cha nne, hakuna alama ya "umepita". Angalia meseji kama hii, zinatumwa kila siku:

"Boss shika Eastern Bypass ukifika upande wa Utawala ulizia, ingia kushoto na hiyo barabara ya murram geti ni ya bluu, si mbali."

Hapo kuna kushoto moja isiyojulikana ni ya kutoka upande gani, barabara ya murram wakati ziko nyingi, na "si mbali" ambayo kila mtu ana yake. Sasa ione ikiandikwa kwa ajili ya lori, godauni ni ya mfano tu:

"Unatokea Ruiru. Kamakis shika Eastern Bypass kuelekea Cabanas.
Utavuka Kangundo Road. Ukishavuka, angalia kilomita kwa dashibodi.
Kilomita 3 hivi mbele, upande wako wa kushoto, kuna petroli stesheni. Punguza mwendo.
Ukimaliza ukuta wa petroli stesheni, barabara ya kwanza kushoto, ya murram. Panuka kidogo kabla ukate kona, kuna mtaro.
Mita 400 ndani, geti ya bluu mkono wa kulia. Mlinzi anajua unakuja.
UKIONA BODI YA KWENDA AIRPORT KABLA UKATE KONA, UMEPITA. Usirudi rivasi. Endelea mpaka Cabanas, paki pahali salama, piga simu."

Hiyo ya mwisho ndiyo inaokoa. Dereva akiona bodi ya airport anajua mwenyewe bila kuambiwa na mtu, na anajua cha kufanya. Kila maelekezo yapewe angalau sentensi moja ya namna hiyo, kwa kila kona ambayo ni ngumu kuona.

RAMANI INASEMA "UMEFIKA" NA HAKUNA GODAUNI HAPO

Kagua hivi, kwa mfuatano huu.

Kwanza, lokesheni ilitumwa mteja akiwa wapi? WhatsApp ukibonyeza lokesheni ya sasa inatuma pale simu iko, si pale godauni iko. Mteja ako nyumbani Kitengela anatuma, lori linaenda Kitengela. Muulize swali moja tu, "wakati unatuma ulikuwa umesimama kwa geti?" Kama hakuwa, atume tena akifika, ama mlinzi wa geti atume. Na ile lokesheni ya moja kwa moja ina mwisho, chaguo refu zaidi ni masaa 8, lori linalotoka Mombasa jioni litafika Nairobi ikiwa imekata zamani. Hiyo ni ya kufuatana na mtu anayetembea, geti haitembei.

Pili, pini iko katikati ya kiwanja na sio kwa geti. Hii iko sana Industrial Area, kiwanja kimoja kinagusa barabara mbili, na ramani inampeleka dereva kwa ukuta wa nyuma. Anaona paa ya godauni kabisa, lakini geti iko barabara ile nyingine. Suluhisho ni kuvuta pini kwa mkono uiweke juu ya geti yenyewe, uandike na jina la barabara ambayo geti inafungukia.

Tatu, nambari za lokesheni zimeharibika. Nairobi iko kusini ya ikweta kwa hivyo nambari ya kwanza lazima iwe na alama ya kutoa mbele, kama -1.29, 36.82. Mtu akikopi kwa karatasi hiyo alama inadondoka, na 1.29, 36.82 inakupeleka Samburu, upande wa Maralal, karibu kilomita 290 kaskazini. Akibadilisha mpangilio, 36.82 itangulie, pini inaanguka baharini kusini ya Uhispania. Hii ya bahari ni rahisi kushtuka, ile ya Samburu ndiyo mbaya, juu ni Kenya na ramani inachora njia vizuri kabisa. Kagua kilomita kabla lori liondoke: kama ni dilivari ya hapa mjini na ramani inasema masaa sita, simama.

Nne, dereva hana data ama bando imeisha katikati. Google Maps unaweza kudaunilodi eneo lote la Nairobi ukiwa na waifai ya ofisi, itafanya kazi bila intaneti, utakosa tu habari za jamu.

Na jambo moja kubwa, liandikwe kwa ukuta wa ofisi. Google Maps hapa kwetu inajua gari ndogo, nduthi, matatu na mtu wa miguu. Haina mahali pa kuiambia wewe ni trela ya tani kadhaa na kontena ndefu. Njia ya mkato inayokupa ni ya gari ndogo kama Probox. Itumie kuangalia jamu na kuhakikisha mtaa, lakini kilomita mbili za mwisho zichaguliwe na mtu anayejua malori.

AMEFIKA, LAKINI MTAA SIO HUO

Majina yanafanana. Ruaka, Ruaraka, Ruiru na Ruai ni sehemu nne tofauti, na kwa simu yenye upepo wa dirisha zinasikika sawa. Ruaka iko Limuru Road, Ruaraka na Ruiru ziko njia ya Thika, Ruai iko Kangundo Road. Kuna Githurai 44 na 45, Umoja 1 na 2, Kariobangi North na South, Kahawa West na Sukari na Wendani. Likoni Road iko Industrial Area na Likoni yenyewe iko Mombasa, na dereva anatoka Mombasa.

Dawa ni ndogo: usitaje mtaa peke yake, utaje pamoja na barabara kubwa inayoingia hapo. "Ruai, Kangundo Road." Na usitaje kwa mdomo peke yake, andika.

Ukitumia nambari za barabara pia kuwa mwangalifu. Makaratasi ya zamani yana A109 na A104, na hiyo njia kuu ya Mombasa kwenda Malaba sasa ni A8. Jina la barabara na nambari viende pamoja.

AMEPITA KONA NA HAKUNA PA KUGEUZIA

Hii inatokea zaidi Thika Road, Mombasa Road na Outering.

Sana sana ni leni. Thika Road ina leni za katikati na za pembeni, na kama uko katikati wakati wa kutoka umefika, utaangalia kona ikipita. Maelekezo yaseme leni mapema, "ukipita daraja fulani kaa leni ya pembeni," na isiwe mita 100 kabla, trela haihami leni hivyo na matatu ziko hapo. Kama unajua anatakiwa kutoka mbele, mwambie kilomita nzima kabla.

Inayofuata ni juu ama chini. Tangu Expressway ifunguliwe 2022, kutoka Mlolongo mpaka Westlands kuna barabara mbili zinazoenda pamoja, kilomita 27, na sehemu zingine Expressway iko juu ya ile ya zamani. Ukimwambia dereva "nyoosha Mombasa Road" bila kusema juu ama chini, akipanda juu atalipa na atashuka tu pale pa kushukia, godauni yake ataiona hapo chini anaipita. Andika wazi: "Tumia barabara ya chini, usipande Expressway." Outering pia ilibadilika ilipopanuliwa, flaiova zikawekwa mahali watu walizoea raundabauti, kwa hivyo "kwa raundabauti ya Donholm kata kulia" ni maelekezo ya zamani.

Halafu raundabauti zenyewe zilizobaki. Tunaendesha kushoto kwa hivyo tunazunguka kufuata saa, na njia za kutokea zinahesabiwa kuanzia ya kushoto kwako. Watu wengine wanahesabu na kiingilio cha petroli stesheni, wengine hawahesabu. Usimpe nambari peke yake, mpe nambari na jina: "njia ya pili, inayoenda City Stadium."

Ukiweza, panga njia ili kona ya mwisho iwe ya kushoto. Kulia lori linakatiza magari yanayokuja, linafunga barabara nzima, na dereva anaanza kuharakishwa na honi. Mara nyingi ni heri apite, ageuzie pahali pana mbele, arudi akiwa upande wa geti. Kilomita tatu zaidi ni pesa kidogo ukilinganisha na kioo cha matatu ya watu.

SIMAMA HAPO: dereva akipita kona kwa barabara kubwa, asirudi rivasi hata mita kumi, hata tanboi (msaidizi wa dereva) akishuka kumwongoza. Aende mbele. Ofisi ikimwambia arudi rivasi, ofisi ndiyo imekosea.

AMEFIKA KARIBU NA LORI HALIINGII

Hapa ndipo pesa inapotea na watu wanaumia, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Chanzo cha kawaida ni kona ya mwisho kuwa nyembamba. Maelekezo yaliandikwa na mtu mwenye gari ndogo ambaye hajawahi kufikiria mkia wa trela unakata wapi. Swali la kumuuliza mteja si "lori linaingia?" juu atasema ndio. Muulize, "trela ya futi 40 iliingia mara ya mwisho lini, na iligeuzia wapi ikitoka?" Akikosa jibu, tuma mtu na nduthi aende apige picha: kona ikionekana kutoka pande zote mbili, mtaro, nguzo, waya juu, na geti ikiwa wazi. Picha nne zinatosha kuamua.

Ya pili ni waya na vitu vya juu. Kontena ya kawaida ina urefu wa mita 2.59 kwenda juu, ile ndefu zaidi kwenda juu, high cube, ni mita 2.90. Tofauti ni sentimita 30 hivi, na hizo ndizo zinang'oa waya za watu mtaani. Kwa hivyo kabla ya kuandika njia uliza ni kontena gani, ongeza urefu wa trela kutoka chini, halafu andika jumla juu kabisa ya meseji. Dereva aliyepita jana na ile fupi anaweza kudhani leo ni sawa.

Ya tatu ni mvua. Murram ya Januari sio murram ya Aprili, na udongo mweusi wa upande wa Embakasi na Njiru ukilowa unameza tairi. Maelekezo ya kudumu yawe na njia ya jua na njia ya mvua.

Ya nne ni siku na saa. Barabara pana ya saa nne asubuhi inakuwa soko saa kumi na moja jioni, mama mboga wamepanga, boda zimejaa. Andika saa ambayo njia inapitika.

SIMAMA HAPO, na haya si ya kujaribu mwenyewe:

Lori likigusa waya wa stima, dereva abaki ndani ya kebini, asiguse mlango, watu wasisogee, mpigie Kenya Power 97771. Kama kuna moto na ni lazima atoke, aruke na miguu yote miwili pamoja, asishike lori na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aondoke kwa hatua fupi za kuburura miguu. Tanboi asiinue waya na mti. Hata ukionekana umekufa.

Lori likianza kuzama ama kuinama upande mmoja, acha kukanyaga mafuta na uite brekidauni. Vijana wa mtaa watakuja na mawe na watasaidia kwa roho safi, lakini lori lenye mzigo likiinama linaweza kuanguka juu yao.

Mzigo ukizidi vipimo vya kawaida kwa upana, urefu au uzito, hiyo sio kazi ya meseji ya WhatsApp tena. Inahitaji kibali cha KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, na njia iliyokaguliwa. Na usiandike kamwe njia ya kukwepa mizani ya Athi River ama ya Gilgil, ni kosa kisheria na dereva anaweza kukamatwa.

DEREVA ANASEMA "NIMESHIKA," HALAFU ANAENDA KWINGINE

Usikimbilie kusema dereva ni mjinga. Chanzo cha kwanza ni kwamba alipewa maelekezo akiwa anaendesha. Alisikia kona mbili za kwanza, akasema sawa sawa ili simu iishe arudi kwa barabara. Usitoe maelekezo kwa gari inayotembea. Mwambie, "mzee, paki kwanza halafu unipigie."

Cha pili, meseji ni ndefu na yote ni mstari mmoja. Kona moja, mstari mmoja. Ikizidi mistari minane gawa mara mbili, sehemu ya pili uitume akifika katikati.

Cha tatu ni kuona haya. Kuna madereva wazuri sana, miaka mingi barabarani, ambao kusoma ni shida ama macho yamechoka na simu ina maandishi madogo, na hawatakuambia mbele ya vijana wa ofisi. Rekodi sauti fupi fupi, kila kona yake, aweze kurudia moja bila kusikiza zote. Tanboi akisoma, yeye ndiye ashike simu.

Kipimo ni kimoja: asikwambie "nimeelewa," akurudishie njia kwa maneno yake. "Hebu niambie mzee, ukishavuka Kangundo Road unafanya nini?" Uliza kwa heshima, ukieleza kwamba unakagua maelekezo yako na sio yeye. Pale atakapokwama ndipo ulipoandika vibaya, rekebisha hapo hapo kabla awashe gari.

NJIA ILIKUWA SAWA ASUBUHI, SASA IMEFUNGWA

Mafuriko, ajali, maandamano, barabara inachimbwa. Kagua kwanza kama imefungwa kweli ama ni jamu tu, mpigie dereva mwingine aliye upande huo, si mtu wa ofisi anayeangalia simu. Ikiwa imefungwa, usimpe dereva njia ya mkato ya mtaani. Mpe pahali pa kusubiri penye nafasi na usalama, halafu upange kwa kutulia. Kama ni maandamano na mawe yanarushwa, apaki mbali na ikibidi ashuke aache lori hapo. Kama ni maji yanavuka barabara na haoni lami chini, asivuke, hata kama lori ni refu na lililotangulia limepita.

Ukishabadilisha njia, futa ile meseji ya kwanza kwa kila mtu na utume mpya yenye saa juu yake, mteja na mlinzi wa geti wakiwemo, ili dereva asipigiwe na watu watatu wakimpa njia tatu.